Fundi wa Zamu Ametoka Kunywa Chai

"Mama, hivi hapo redioni kwenu usaili hauishi?"

Aliyeniuliza ni jirani yangu, fundi cherehani, ambaye dirisha lake linatazamana na mlingoti wa redio. Alikuwa na pini tatu mdomoni na suruali ya mtu mapajani.

"Kila mwezi naona mtu mpya juu ya ule mlingoti. Anapanda, anashuka, simwoni tena. Mnawala?"

Nilicheka. Nikamwambia, "Shona nguo za watu, mwenzangu, milingoti tuachie wenyewe."

Hayo yalikuwa ya mwaka jana. Laiti ningekaa kitako nikalitafakari lile swali, leo nisingekuwa na haya ya kuandika.

Kwa wewe unayeanza kunisoma leo, uliyenikuta njiani: mimi ni mjane, elimu yangu ni ya shule ya msingi tu. Marehemu mume wangu alikuwa fundi mitambo wa redio kwa miaka kumi na tisa. Alipofariki, nikapewa ufagio wa chumba kile kile alichofanyia kazi.

Wiki iliyopita niliishia pale mchumba wa binti yangu alipokwenda redioni kufanya usaili wa ufundi. Alipanda mlingoti akiwa mzima, akashuka na mkono wa kulia umeungua, vidole vimekunjamana kama jani kavu. Nguvu ya mtambo ilipandishwa yeye akiwa juu.

Redio ikamwandikia barua ya mistari mitatu. Kosa ni lake mwenyewe, kwani kwa mujibu wa daftari la zamu, fundi wa zamu alikuwepo kwenye mtambo muda wote.

"Mama, hapakuwa na mtu pale," kijana wa watu aliniambia. "Niliita mpaka sauti ikakauka."

Binti yangu aliisoma ile barua mara nne. Kisha akaikunja.

"Huyo fundi wa zamu nitamtafuta," akasema. "Hata akijificha uvunguni, nitamtoa."

Nikainama kupuliza jiko, uso wangu usionekane. Fundi wa zamu nilikuwa namjua. Namjua kuliko mtu yeyote, na sikutaka binti yangu amjue.

Hilo ndilo nililolificha. Leo nalitoa.

Mume wangu alikuwa peke yake kwenye ule mtambo. Hapakuwa na wa kumpokea zamu. Akila, anakula pale. Akisinzia, anasinzia pale, juu ya boksi lililotandazwa kati ya kabati la mtambo na ukuta. Kelele za feni za kupoza mtambo zilimla sikio la kushoto. Nyumbani nilikuwa nakaa upande wake wa kulia nikitaka anisikie, na nikitaka kumsengenya nahamia kushoto.

Siku moja homa ilimshika asiweze kusimama. Ruhusa ya ugonjwa hakuna, kwa sababu hakuna wa kushika nafasi. Akatuma niitwe.

"Soma mishale mitatu hapo usoni mwa mtambo," akaniambia akiwa amelala chini. "Andika namba kwenye daftari. Kisha saini hapo, jina langu."

Nikasaini. Moyo wangu haukushtuka, maana mwenye jina alikuwa hai, amelala miguuni mwangu.

Alipozikwa, wiki ya tatu tu, Mhandisi Mkuu mpya akaniita. Wafanyakazi wanamwita Tutakupigia, kwa sababu ndilo neno analowaagia wote wanaokuja kuomba kazi. Ni mtu mpole. Kila akiniona huniuliza kama nimemwombea.

"Mama, nasikia mishale unaisoma."

"Nilikuwa namsaidia marehemu tu, mkuu."

"Basi endelea kumsaidia. Wakaguzi wanataka kila zamu iwe na fundi mwenye cheti. Cheti chake bado kiko ukutani. Tukipata mtu mpya, utapumzika." Akatabasamu. "Na ile nyumba ya watumishi unayokaa, mama, imeandikwa kwa jina lake. Jina likiwepo, na nyumba ipo."

Nilikwenda kusali juu ya jambo lile. Jibu sikulipata, au nililipata nikajifanya sijasikia. Kesho yake saa moja asubuhi nikafagia, nikasoma mishale, nikaandika jina la mume wangu.

Miaka mitatu ikapita hivyo. Mtu mpya hakuja.

Yaani walikuja, lakini hakuna aliyebaki. Hapo ndipo nilipoanza kushuku. Taa ya juu ya mlingoti ikiungua Ijumaa, Jumanne kuna usaili, na swali lenyewe ni kubadilisha taa. Feni ikigoma, usaili ni kufungua feni. Nikajiuliza, mtihani gani huu unaoharibika kwanza ndipo mtahiniwa aitwe?

Walikuja vijana wa watu na watu wazima wenye familia, vyeti vyao kwenye bahasha za plastiki. Walitengeneza, wakanawa grisi kwa sabuni yangu, wakaambiwa, "Tutakupigia." Niliwahesabu kumi na saba. Kazi ya mume wangu ilikuwa inafanywa na watu kumi na saba wasioajiriwa, na marehemu mmoja anasaini.

Wa kumi na saba ndiye mchumba wa binti yangu. Nilimtuma mimi. "Nafasi ipo, mwanangu, jaribu bahati yako." Nilitaka aajiriwe, niwekwe huru na ile kalamu.

Sasa sikilizeni ya Jumanne iliyopita.

Asubuhi binti yangu aliniaga anakwenda kwa shangazi yake. Nikamtazama miguuni. Amevaa viatu vyake vya kazi ya ufundi, vile vya soli nene.

"Kwa shangazi kuna ujenzi?"

"Kuna tope, mama."

Jua lilikuwa limewaka wiki mbili mfululizo, hata mifereji ilikuwa imepasuka. Nikanyamaza. Naye alijua nimenyamaza kwa nini. Tukaagana kama wapangaji wawili waliokutana bombani.

Saa nne niko chumba cha mitambo napiga deki, mlango ukafunguliwa. Akaingia Tutakupigia. Nyuma yake binti yangu, kofia ngumu kichwani.

"Mama Usafi, angalia maji yako, tuna mgeni. Dada huyu amekuja kwa usaili."

"Shikamoo, mama," binti yangu akaniamkia, utadhani ndiyo kwanza ananiona.

"Marahaba, mwanangu."

Kila mwanamke wa umri wangu hujibu hivyo, kwa hiyo Tutakupigia hakushtuka. Na jina la ukoo lililokuwa kwenye barua ya maombi lilikuwa la babu yake mzaa mama, aliyemwandikisha shule. Halikumwambia kitu.

Tutakupigia akamkabidhi mkanda wa kupandia na glavu. Binti yangu akazigeuza zile glavu mara mbili.

"Zote ni za kushoto."

"Ndizo zilizopo. Fundi hasa hachagui."

"Na mkono wa kulia?" Aliuliza taratibu mno. Dekio likanigandia mkononi.

"Dada, umekuja kufanya kazi au umekuja kunihoji?"

"Nilidhani nimekuja kufanya usaili, mkuu. Kumbe ni kazi?"

Tutakupigia akacheka kicheko kifupi, kisha akaenda moja kwa moja kwenye shida yake. "Kuna kiungio cha waya kimelegea huko juu tangu Ijumaa. Nusu ya mji hawatusikii. Panda, kaza, shuka. Ukimaliza, tutaongea mambo ya ajira."

"Mtambo utazimwa?"

"Utapunguzwa. Kuna kipindi hewani, hatuwezi kuzima."

"Nani anaupunguza? Na nani atakaa hapa ahakikishe haupandishwi nikiwa kule juu?"

"Fundi wa zamu."

Nikaanza kudeki mahali nilipokwisha kudeki.

"Yuko wapi?"

"Yupo."

Binti yangu akazungusha macho chumba kizima. Mtambo, meza, kiti kimoja, mkeka wa mpira uliotoboka katikati, mimi na ndoo yangu.

"Yupo wapi, mkuu?"

"Ametoka kidogo kunywa chai."

Jamani. Mume wangu yuko kaburini miaka mitatu sasa. Udongo wake niliutupa kwa mkono wangu. Leo naambiwa ametoka kidogo kunywa chai! Sijui shetani gani, kicheko kikanipanda. Nikakimeza, kikageuka kikohozi.

"Pole, mama," akasema Tutakupigia.

"Ahsante, ni vumbi."

"Basi mimi namsubiri," akasema binti yangu, akakalia kile kiti kimoja.

Zikapita dakika tano. Zikapita kumi. Feni zinavuma. Tutakupigia anatazama saa, anatazama mlango, anatazama simu. Kwenye spika ya ukutani mtangazaji anawaomba radhi wasikilizaji wa ng'ambo ya mto.

"Huyu fundi chai yake ni ya sufuria nzima?"

"Dada, wenzako waliokutangulia hawakuwa na maswali haya."

"Nao mliwaajiri?"

Tutakupigia akanigeukia mimi, na sauti yake ikawa ile anayoniulizia maombi.

"Mama, wewe uko humu kila siku ya Mungu. Hebu mtoe dada wasiwasi. Fundi wa zamu si huwa anatoka kidogo?"

Wakanitazama wote wawili.

Neno la kusema nilikuwa nalo. Hatoki, amekufa. Ni hayo tu, mtoto wa chekechea angeyasema. Lakini nikaiona nyumba yangu, vile vyumba viwili, bomba langu la uani, kitanda alichofia mume wangu. Nikaona vitu vyangu vikitolewa nje mchana kweupe, majirani wanatazama na fundi cherehani na pini zake mdomoni.

"Huwa anatoka," nikasema.

Binti yangu alinitazama, kisha akaangalia pembeni. Nilitamani anitukane.

"Umesikia?" Tutakupigia akachangamka. "Mama huyu ni mtu wa sala, hasemi uongo."

"Nimesikia. Basi naomba nione daftari la zamu. Nijue jina lake, nikiwa juu nikamwita nisimwite 'we we'."

Tutakupigia akasita. Lakini alikuwa na haraka, na kwake lile lilikuwa jina tu la marehemu asiyemjua, mbele ya msichana asiyemjua. Akalisukuma daftari mezani.

Kidole cha binti yangu kikateremka ukurasani. Kikasimama.

Leo, saa moja asubuhi. Namba tatu za mishale. Na jina la baba yake, kamili.

Nilijishika kwenye mpini wa dekio nikingoja yowe. Halikuja. Akafunua ukurasa wa nyuma, baba yake yupo. Akafunua mwingine, yupo. Akaenda hivyo hivyo mpaka mwezi ule alioungua mchumba wake. Hapo akakaa sana.

Kisha akainua macho ukutani, kwenye kile cheti chenye kioo ninachokifuta kila asubuhi, na picha ndogo ya baba yake pembeni, kidevu juu kama kawaida yake mbele ya kamera.

"Ndiye huyu?"

"Huyo huyo. Mzoefu sana, miaka ishirini na miwili kazini."

Kumi na tisa ya uhai na mitatu ya kaburi. Hesabu yake ilikuwa sawa.

"Anaandika vizuri," binti yangu akasema, macho bado kwenye cheti. "Mafundi ninaowajua, saini zao ni kama waya uliojisokota. Huyu kila herufi imesimama peke yake. Kama mtoto anayeandika huku mwalimu yuko nyuma yake."

Hayo hakuwa anamwambia Tutakupigia. Huyu binti alikaa bweni miaka minne. Kila mwezi nilimwandikia barua kwa mkono huu huu, nikimwambia amche Mungu na asikopeshe sabuni. Mwandiko wangu anaujua kama anavyoijua harufu ya kanga yangu.

"Mama," akaniita.

Lile halikuwa "mama" la kumwamkia mfagizi. Lilikuwa la nyumbani. Tutakupigia akalisikia. Akamtazama yeye, akanitazama mimi, akainua macho kwenye picha ya cheti, kisha akarudi kwenye uso wa binti yangu. Kidevu kile kile.

"Aaa," akasema. Akakalia ukingo wa meza. "Kumbe."

"Kumbe nini?" Binti yangu akasimama. "Umemtoa baba yangu kaburini ukampanga zamu!"

"Mimi?" Akainua viganja vyote viwili, visafi kama vya daktari. "Tafuta humo daftarini herufi moja niliyoandika mimi. Moja tu, dada. Mama, niliwahi kukushika mkono?"

Nikakumbuka nyuma. Kweli. Miaka mitatu hakuwahi kunipa hata kikaratasi. Yote alinieleza kwa mdomo, ndani ya chumba hiki, feni zikivuma, hakuna mtu wa tatu. Nami nilidhani ule ni upole.

"Wakaguzi watauliza nani kaghushi. Mimi nitasema nilidanganywa na mjane niliyemhurumia nikampa kazi. Nani atakayebisha? Kwa hiyo ukitaka kulipeleka, lipeleke. Mlango ule pale. Lakini ujue unayempeleka ni huyu mama wa watu."



Kisha yule bwana akafanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Akafungua droo, akatoa karatasi mbili zenye nembo ya redio, akazilaza mezani taratibu na kalamu juu yake.

"Au tuyaache. Wewe ni fundi, nimekusikiliza, unajua kazi. Nafasi ya baba yako ni yako kuanzia kesho. Huu ni mkataba, na likizo imo, na matibabu yamo. Wa kwanza kutolewa kwenye mtambo huu. Mama anaacha kusaini, nyumba inabaki kwenu, na marehemu anapumzika."

Mungu wangu nisamehe, nilifurahi. Kabla sijajizuia nilikwisha kufurahi. Nikamtazama binti yangu kwa macho ya kuomba. Mkataba! Baba yake aliungoja miaka kumi na tisa.

Binti yangu hata hakuzitazama zile karatasi. Alilivuta daftari, akaligeuza linielekee, akaweka kidole.

"Kila siku kuna saini moja, mama. Saa moja asubuhi. Siku hii ziko mbili."

Nikasogea nikatazama.

Zilikuwa mbili. Ya saa moja, na nyingine ya saa tano na dakika kumi. Mbele ya ile ya pili pameandikwa, herufi moja moja zimesimama: *Fundi yupo. Mtambo salama.*

"Hii ya pili uliiandika kabla hajaungua au baada?"

"Dada, mama ameshachoka..." Tutakupigia akaanza.

"Sijakuuliza wewe."

Ningeweza kusema kabla. Nani angejua? Yule bwana angeniunga mkono. Lakini nilikuwa nimekwisha kusema uongo mmoja asubuhi ile, na ule mmoja ulinitosha.

"Baada," nikasema. "Nilikuwa nafagia ofisi za mbele. Nikasikia kelele, nikakimbia huku. Bwana huyu nilimkuta ndani, amesimama karibu na mtambo. Alikuwa anafanya nini hapo, sikuona kwa macho yangu, siwezi kuapa. Akaniambia, andika."

"Na yeye aliyeungua alikuwa wapi?"

"Alikuwa ameshashuka. Yuko chini ya mlingoti, amekaa, ameushika mkono wake."

Binti yangu akavuta pumzi. Sauti yake ikawa ndogo, kama ya mtoto anayeulizia kitu asichotaka kujibiwa.

"Aliniambia ulimletea ndoo ya maji ukammwagia. Anakusifu kwa hilo mpaka leo, ujue. Lakini alisema ulichelewa." Akarudisha kidole kwenye ile saini ya pili. "Mama, ulimpelekea maji kwanza, au uliandika kwanza?"

Tutakupigia aliangalia chini. Hata yeye aliangalia chini.

"Niliandika kwanza," nikasema.

Binti yangu akavua kofia ngumu, akaiweka mezani juu ya ule mkataba. Akalifunga daftari, akalibana kwapani. Tutakupigia akaruka kutoka pale mezani, akasimama mlangoni na mikono ameitanua.

"Dada, fikiria. Huyu ni mama yako mzazi!"

Binti yangu hakumsukuma. Alisimama mbele yake tu, mpaka mikono ile ikateremka yenyewe.

Nikaliita jina lake la utotoni, lile ambalo baba yake tu alikuwa akimwitia.

Akatoka, daftari kwapani, bila kugeuka.